Bomba la Nyuma ya Jikoni

Siku ya kuniaga, mmoja wa wakubwa alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kugombana na mtu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanywa chai yangu nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hakatizi hotuba. Lakini tangu siku ile maneno yale yamenikaa kooni. Niligombana. Niligombana na mameneja, na mafundi bomba, na wenye maboza ya maji, na wakubwa zangu wawili watatu, na ninachojutia ni kwamba sikuanza mapema zaidi. Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki ofisini, mnaotoka asubuhi na kisanduku cha barafu begani kwenda kupima maji ya mahoteli kuanzia Mnarani hadi Malindi, msije mkadhani kazi hii ilifanywa na watu wapole.

Nilikuwa afisa wa afya ya jamii. Huku kwetu pwani kazi hiyo huitwa bwana afya, na anayeifanya akiwa mwanamke huitwa bwana afya vilevile. Jina langu ni Zuhura, mzaliwa wa Malindi mjini, mama wa watoto watatu, na nimeitikia "bwana afya" milangoni pa watu hadi mume wangu akawa ananiita hivyo nyumbani akitaka kunichokoza.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Charo, fundi wa afya aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Nilifika nimevaa viatu vya ngozi, na kalamu mbili mfukoni. Alivitazama vile viatu kwa huruma. Akanipeleka kwenye hoteli moja ya ufukweni, na badala ya kuingia kwa mlango wa mbele kama nilivyotarajia, tukazunguka nyuma, penye mapipa ya taka na kamba za kuanikia mashuka. Nikafungua daftari nikamuuliza mpishi mmoja, "Maji yenu yanatoka wapi?"

Mzee Charo akanifunga daftari kwa mkono wake. "Usiulize," akasema. "Ukiuliza utaambiwa ya mjini. Kila mtu ana maji ya mjini. Wewe shika bomba lilipo, ulifuate kwa miguu mpaka liishe."

Tukalifuata. Lilipita chini ya ukuta, likapita kando ya banda la jenereta, likatokea kwenye kisima kilichofunikwa kwa bati na jiwe. Maji ya mjini yalikuwa yakifika hoteli ile mara mbili kwa wiki. Siku nyingine zote walivuta kutoka kisima kile. Viatu vyangu vikaisha siku hiyohiyo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchukua sampuli. Siku hizi mna vifaa vizuri, lakini hatua ni zilezile. Fungua bomba maji yatiririke kwanza, dakika mbili tatu, ili upime maji yenyewe, wala si uchafu wa mdomo wa bomba. Lifunge. Liunguze kwa pamba yenye spiriti ili kuua vijidudu vya nje. Lifungue tena taratibu. Chupa usiisuuze, kwa maana ndani yake mna dawa ya kuzima klorini, ukiisuuza umeimwaga. Usiijaze hadi juu. Usiguse ndani ya kifuniko hata kwa ukucha. Andika jina la bomba, saa, na nani alikuwapo, kisha barafuni, kisha maabara siku ileile. Mara ya kwanza kuunguza bomba, halikuwa la chuma, lilikuwa la plastiki. Likayeyuka mbele ya mpishi mkuu. Mzee Charo akalitazama kwa muda. "Vijidudu wamekufa," akasema, "na bomba nalo limekufa." Akatoa pesa yake mfukoni akanunua jingine, na hakulitaja tena jambo lile ila siku za Idi, mbele ya watu.

Kipimo cha klorini tulikifanya palepale bombani. Unatia kidonge ndani ya kijichupa cha maji, unatikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa imo. Yakibaki meupe, hayana ulinzi wowote. Nimeona maji mengi meupe. Nimeyaona kwenye hoteli zenye mito ya manyoya na taulo zilizokunjwa mfano wa bata.

Sasa niwaeleze kwa nini ardhi yetu ni ya kuogopwa. Kuanzia Watamu hadi Malindi watu wanajenga juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba ule ukiukata ni kama mkate wa mofa, vitundu vitupu. Ukichimba kisima huku na shimo la choo kule, hujatenganisha kitu. Maji ya chooni hayachujwi kama yanavyochujwa na mchanga au udongo, yanatembea. Kila mchimba visima analijua hili. Kila fundi analijua. Na bado nimekuta kisima na shimo la choo vimetenganishwa na ua wa michongoma, na mwenye hoteli ananionyesha ule ua kana kwamba choo kitaiogopa miiba.

Kisa ninachotaka mkijue kilianzia hapo.

Ilikuwa miaka kadhaa baada ya Mzee Charo kustaafu. Muuguzi wa zahanati moja ya Gede, Bi Mwanaisha, alinipigia simu asubuhi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Zuhura, nina wanawake wanne hapa, wote homa na tumbo. Dalili zote za homa ya matumbo."

"Wanatoka nyumba moja?"

"Hawatoki nyumba moja wala kijiji kimoja. Wanafanya kazi hoteli moja, Watamu. Wote wako chumba cha dobi."

Nikaenda kwanza kuwaona. Watatu walikuwa wameketi kwenye benchi. Wa nne, Sidi, alikuwa amelala kwa ubavu, shuka limemganda kwa jasho. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, wa kijiji kimoja nyuma ya Gede, na kazi ile ya kufua mashuka ilikuwa inamlisha yeye, mama yake na mtoto wake mdogo. Nilipomsalimia alijaribu kuinuka ili aniamkie. Nikamwambia alale.

"Mnakunywa maji gani kazini?"

"Ya bomba lile la nyuma ya jikoni," akasema. "La wafanyakazi. Yana chumvi kidogo, lakini tumezoea. Pale dobi kuna mvuke, mama, usipokunywa unaanguka."

"Hamkuona kasoro yoyote?"

"Yalianza kunuka. Tulimwambia msimamizi."

"Akasemaje?"

"Akasema tutie ndimu."

Yule mwenzake wa benchini akaongeza kwamba ndimu zenyewe walikatazwa kuzichukua jikoni.

Nikafika hotelini kabla ya adhuhuri. Sitaitaja, na msijisumbue kukisia, zimefanana. Meneja alinipokea kwa adabu zote, akanivutia kiti, akaagiza niletewe maji ya madafu. Nikamwambia nimekuja kuona maji.

"Maji yetu ni salama kabisa, Bi Afya," akasema. "Kila mgeni anawekewa chupa mbili chumbani, kila siku. Zimefungwa kutoka kiwandani."

"Nauliza ya wafanyakazi."

"Wafanyakazi?" Alisema neno lile kama mtu aliyeulizwa habari za jirani wa mbali. "Wao wana bomba lao."

Nikalifuata bomba lao. Lilitoka kwenye kisima kilichokuwa nyuma ya vibanda vya wageni, na kutoka kisimani hadi kwenye shimo la choo la kibanda cha saba nilihesabu hatua zangu mwenyewe, na hazikuwa nyingi. Nikatia kidonge. Maji yakabaki meupe. Nikachukua sampuli, nikazipeleka maabara, na majibu yalipotoka yalisema nilichokuwa nimekwisha kijua kwa pua: vijidudu vya kinyesi, si haba.

Nikaandika notisi. Kisima kifungwe, wafanyakazi waletewe maji salama siku hiyohiyo, na hoteli isimamishe shughuli hadi maji yapimwe upya. Kwa utaratibu wa ofisi yetu wakati ule, notisi ya kusimamisha hoteli ilihitaji saini ya mkubwa. Nikampelekea. Aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya kitabu.

"Zuhura, unajua huu ni mwezi gani?"

"Naujua."

"Vyumba vimejaa kote. Ukibandika karatasi hii getini, habari zitakuwa zimefika Ulaya kabla ya jioni. Mpe wiki mbili arekebishe."

"Na wanaoyanywa katika wiki hizo mbili?"

"Waambie wachemshe."

"Wachemshe wapi? Wako kazini, wanafua mashuka."

"Hao wageni wanakunywa maji ya chupa," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto. "Hakuna mgeni aliyeugua. Hili si jambo la kutufungia msimu."

Hapo ndipo nilipokosea, na nawaambia ili msikosee hivyo. Niliondoka. Nilirudi kwenye meza yangu nikaandika barua ya kumkumbusha, na siku ya pili nikaandika nyingine, nikijiona mtu shujaa kwa kuandika barua. Nilikwenda hotelini nikawaambia wafanyakazi kwa mdomo wasiyanywe maji yale. Wakanisikiliza kwa heshima. Baadaye nilijua kwamba msimamizi aliwaambia atakayeonekana amebeba maji kutoka nyumbani atahesabiwa kuwa anaitia hoteli doa. Nilikuwa na mamlaka kisheria ya kulifunga bomba lile moja papo hapo bila saini ya mtu, kwa kuwa ni chanzo cha hatari, na sikuitumia, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuomba ruhusa.

Siku ya tisa Bi Mwanaisha akanipigia tena. Sidi alikuwa amepelekwa hospitali kubwa Malindi, utumbo umetoboka. Walimfanyia upasuaji. Nilikwenda jioni baada ya kazi nikamkuta mama yake ameketi nje ya wodi, ameshika kanga ya mwanawe iliyokunjwa. Sidi alifariki asubuhi iliyofuata.

Nikaenda mazikoni. Meneja alituma sanduku la soda.

Nimejaribu mara nyingi kuyaeleza niliyoyahisi wiki ile na sijafaulu. Nitasema hivi tu: nilifungua kabati langu la ofisini nikatoa mkebe wa unga ambao Mzee Charo aliniachia, unga mwekundu kama matofali yaliyosagwa, ambao ukiingia majini hugeuka kijani kinachong'aa. Hauna madhara kwa mtu. Kazi yake ni kuonyesha maji yanatembea kutoka wapi kwenda wapi. Majibu ya maabara yalikuwa ni karatasi, na karatasi inawekwa chini ya kitabu. Nilitaka kitu ambacho hakiwekwi chini ya kitabu.

Nikarudi hotelini asubuhi na mapema, nikamwambia meneja ninachotaka kufanya. Sheria inanitaka nimwambie, na nilimwambia neno kwa neno: namwaga rangi chooni, na ikionekana kisimani, tutajua.

Akacheka kidogo. "Fanya, Bi Afya. Wewe na sayansi yako."

Nikaumwaga kwenye choo cha kibanda cha saba, nikavuta maji mara tatu. Nikaketi karibu na kisima kwenye kiti cha plastiki, na wanawake wa dobi wakaniletea chai iliyopikwa kwa maji waliyokuja nayo kwa siri. Siku ile hapakuonekana kitu. Nikarudi kesho yake. Mnamo saa tano, mmoja wa wale wanawake alifungua bomba la nyuma ya jikoni ili aloweke nguo, akaniita kwa jina langu, kwa upole kabisa.

"Bi Zuhura. Njoo utazame."

Ndoo ilikuwa ya kijani. Kijani cha mchana kweupe, kama majani ya mgomba yakipigwa na jua. Wenzake wakaja wakaizunguka. Kisha mmoja wao akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunakunywa vyoo vyao," akaenda kutapika ukutani.

Nilipiga picha, nikachukua sampuli, nikaanza kuandika. Nilikuwa katikati ya sentensi niliposikia viti vinaburuzwa kule upande wa bahari, kwenye baraza la wageni. Nikaenda. Mama mmoja mzee, mgeni, alikuwa ameinua bilauri yake ya maji ya chupa juu mwangani, na ndani yake vipande vya barafu vilikuwa vinayeyuka vikiacha nyuzi za kijani. Meza ya pili nayo vilevile. Mhudumu amesimama na sinia, hajui aliweke wapi.

Hata mimi sikulitegemea hilo, na nakiri ni aibu yangu, kwa maana nililifuata bomba la wafanyakazi hadi kisimani lakini sikuyafuata mabomba mengine yote yaliyotoka kisimani. Fundi wao alikuwa ameunganisha mashine ya barafu na kisima kilekile, kwa kuwa maji ya mjini yalikuwa na nguvu ndogo. Wageni walipewa maji yaliyofungwa kiwandani, kisha yakatiwa barafu ya choo.

Meneja akaja mbio, tai imepinda. "Hii ni nini?" akaniuliza.

"Ni ile rangi niliyomwaga chooni jana. Ulinipa ruhusa."

"Iko kwenye barafu."

"Naiona."

Akaketi kwenye kiti cha mgeni. Nilidhani ningefurahi kumuona vile. Sikufurahi. Nilikuwa nawaza kwamba ndoo ile ya nyuma ilikuwa ya kijani robo saa nzima kabla ya hapo, na hakuna aliyekimbia.

Saa moja, jamaa zangu. Saa moja haikutimia, mkubwa wangu akafika kwa gari la ofisi, na notisi ileile niliyoiandika siku zile, ina mkunjo wa kile kitabu, imetiwa saini. Akaibandika getini kwa mkono wake. Akaongea na wageni kwa Kiingereza kizuri kuhusu jinsi ofisi yetu isivyocheza na afya ya mtu. Daktari akaletwa kuwapima wageni wote. Wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani, siku za hoteli kufungwa hazina malipo kwa vibarua.

Nilimfuata mkubwa garini. Nikamwambia, "Sidi alizikwa."

"Nani?"

Basi ndipo nilipogombana. Yule aliyesema sikuwahi kugombana angekuwapo siku ile pale penye mti wa mkungu wa getini, angesikia. Nilisema maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Nilisema kwamba ameacha watu wanywe kinyesi ili kusipotee chumba kimoja, na kwamba barua zangu zote nina nakala zake. Yeye alipandisha kioo. Baada ya hapo nilihamishiwa stoo ya vifaa kwa muda, nikahesabu glavu, na nilizihesabu vizuri.

Kesi ilikwenda mahakamani. Hati ya mashtaka ilisema hoteli iliwapa wageni barafu iliyochafuka. Nikamwambia mwendesha mashtaka, kijana mstaarabu, kwamba kuna mtu aliyekufa. Akaniambia kuthibitisha kwamba ugonjwa wake ulitoka bomba lile na si kwingineko ni vigumu, ila barafu ya kijani kila mtu aliiona. Nilitoa ushahidi nikamtaja Sidi mara mbili, na mara mbili wakili wao akaomba jina lake lifutwe. Hoteli ikakiri kosa la barafu, ikatozwa faini, ikaamriwa kurekebisha maji ya jikoni na ya vyumba. Magazeti hayakuandika kitu. Wenye hoteli walikwisha nunua mashine mpya ya barafu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kumpa mama yake Sidi habari. Nilidhani nampelekea kitu. Alikuwa uani anapukusa mahindi, mjukuu wake ameketi miguuni pake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamwelezea kila kitu: mahakama, faini, amri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukusa.

"Kwa hiyo barafu imepona," akasema.

Akachukua hindi jingine.

"Na wale wenzake wa dobi? Wanakunywa nini sasa?"

Sikujua. Mimi, mtaalamu wa maji, niliyeshinda kesi, sikujua. Yule mama hakunilaumu. Alinipa mahindi niende nayo nyumbani, na kuyabeba yale mahindi kulikuwa kuzito kuliko lawama yoyote.

Jumatatu asubuhi niliaga stoo kwamba nakwenda kliniki, nikaenda hotelini kwa mlango wa nyuma. Kisima kilikuwa kimefungwa, kweli. Jikoni palikuwa na mtambo mpya wa klorini unaomeremeta. Na bomba la nyuma ya jikoni lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Ndivyo walivyolirekebisha. Wanawake wa dobi walikuwa wanakuja na madumu ya lita tano kutoka nyumbani, na yakiisha saa sita, wanakaa na kiu mpaka jioni mbele ya mashine za mvuke.

Safari hii sikuomba saini ya mtu. Niliandika notisi kwa mkono, kwenye daftari la nakala, kwa mamlaka yangu mwenyewe kama afisa: nyumba ya kulala wageni inatakiwa iwe na maji salama, na sheria haikusema salama kwa nani. Wafanyakazi wasipopata maji yaliyopimwa kabla ya siku saba, nitaleta ombi la kufungwa mahakamani mimi mwenyewe, na safari hii nitakuja na wanawake wa dobi kama mashahidi.

Meneja aliisoma. "Bi Afya, si mlituambia tukifunge?"

"Nilisema mfunge kisima. Sikusema mfunge watu."

"Mkubwa wako anajua uko hapa?"

"Nimeaga kwamba nakwenda kliniki," nikasema. "Na nipo. Hawa ndio wagonjwa wangu."

Walimpigia mkubwa simu, bila shaka. Nilingoja barua ya kunifuta kazi na haikuja. Nadhani alikumbuka zile nakala. Siku ya tano fundi akaja akachimba mtaro wa bomba kutoka tangi la mtambo ule mpya wa jikoni hadi chumba cha dobi. Nikaja nikatia kidonge, na maji yakageuka waridi. Mwanamke yule aliyetapika siku ile alijaza kikombe, akakinusa, akanywa, akajaza tena. Hakusema asante, na hakuwa na sababu ya kusema. Yalikuwa maji yake.

Kuanzia siku hiyo hadi nilipostaafu, sikuingia hoteli yoyote kwa mlango wa mbele. Nilianza na bomba la dobi, la bustani, la mlinzi wa geti, la chumba cha madereva. Ya wageni niliyapima mwisho. Wengine waliniona mtu wa vinyongo. Kweli, nina vinyongo. Na ninyi fanyeni hivyo, hata fomu ikiwaelekeza vingine, maana fomu zetu zina kurasa tatu za vyumba vya wageni na mstari mmoja wa wafanyakazi, tena unaosema "kama inahusika".

Miaka yangu ya mwisho mambo yaligeuka. Mahoteli makubwa mengi yamejifunza, au yameogopa, kwangu ni mamoja. Lakini sasa kila njia ya Watamu na Malindi na Kilifi imejaa majumba ya kukodishwa kwa siku mbili tatu kupitia simu. Ghorofa, bwawa la kuogelea, kisima uani, shimo la choo uani, na michongoma katikati. Ukigonga unaambiwa hapa si hoteli, ni nyumba ya mtu. Analala mgeni, analipa, anaondoka, anakuja mwingine, na bado si hoteli. Ukiuliza ofisini, unaambiwa tusubiri mwongozo. Nimesubiri mwongozo hadi nimestaafu.

Ukaguzi wangu wa mwisho ulikuwa kwenye jumba mojawapo la namna hiyo. Mwenyewe, bwana mmoja mchangamfu, alinipokea mlangoni akiwa na simu mkononi, akanisomea maoni ya wageni waliosifu usafi wake. Nilimwambia hongera, na tafadhali tuanzie jikoni. Kulikuwa na mpishi, mtu wa makamo, amesimama kando ya sinki mikono nyuma. Nilitia kidonge kwenye maji ya bomba. Yakabaki meupe. Mwenyewe akaniambia nisiwe na wasiwasi, maji yale ni ya kuoshea vyombo tu, hakuna anayeyanywa.

Nikamgeukia mpishi. "Wewe, kaka yangu, unashinda hapa tangu asubuhi mpaka usiku. Unakunywa maji gani?"

Alimtazama mwajiri wake kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Wageni wakiondoka," akasema, "nakunywa yanayobaki kwenye chupa zao."

Mwenyewe akaanza kusema kitu. Nilimwomba anyamaze, nikamuuliza mpishi jina lake kamili, na nikayaandika maneno yake kwenye fomu, kwa wino, neno kwa neno, kwenye ule mstari unaosema "kama inahusika".